Sahihi Tano

Katika mkutano wa shule hakuna aliyemtaja Josie Pelkey kwa jina. Sheria hairuhusu mtoto atajwe, na sisi watu wa Tarbell, hapa New Hampshire, tunaheshimu sheria kuliko tunavyoheshimu roho ya jirani. Tulisema "ule mstari", yaani mstari wa bajeti. Mzee Everett Stowell alisimama ukumbini, miwani imemshukia puani, akauliza ule mstari wa dola laki moja na elfu thelathini na nane, ambao mwaka jana haukuwapo, ulikuwa wa kitu gani.

"Ni gharama ya kusomesha nje ya wilaya," akajibu mjumbe wa bodi ya shule.

"Kusomesha watoto wangapi?"

"Siwezi kujibu hilo, Bwana Stowell."

"Kwa hiyo ni mmoja."

Ukumbi mzima ukaanza kutazama viatu. Kama watu wangegeuka wamkodolee macho Corinne Pelkey, angalau angepata wa kumrudishia jicho. Lakini alizungukwa na visogo vya watu anaowafahamu tangu utoto, na vyote vilikuwa vimeinama. Josie ana miaka kumi na mmoja, hasemi, na kifafa humwangusha bila kubisha hodi. Shule yetu ilishindwa naye. Sasa gari humchukua asubuhi kumpeleka shule maalumu, mwendo wa saa nzima, na tangu aanze huko amejifunza kuonyesha picha ya kikombe anapotaka maji. Kwa mama yake, hilo lilikuwa jambo kubwa kupita Krismasi.

"Na tukikataa kulipa?" sauti ikauliza kutoka nyuma.

"Hatuwezi kukataa. Sheria ya taifa inatubana."

"Haya," akasema mzee Everett, akikunja karatasi zake. "Hapa tumefungwa mikono. Lakini Jumanne kuna mkutano wa bajeti ya mji, kodi ni ile ile ya nyumba zetu, na huko hatujafungwa. Huko kuna vitu vinavyokatika."

Hakuhitaji kuvitaja. Mji wetu una wafanyakazi wawili wa barabara, Roland ambaye ni bosi na Gerard Pelkey ambaye ndiye mume wa Corinne. Bosi hakatwi.

*

"Basi wameamua," alisema Gerard jioni ile, kama anayezungumzia hali ya hewa. Alikuwa mezani na sahani ya viazi na nyama ya kusaga. Josie alikuwa sakafuni akipanga vijiko kwa ukubwa, kazi aliyoipenda na asiyotaka iguswe.

"Hawajaamua. Watapiga kura."

"Watabaki na Roland, halafu wakodi mtu mwenye lori kila theluji ikianguka. Nimesikia hesabu yenyewe. Wakinikata mimi wanaokoa elfu themanini na moja, mshahara na bima."

"Hiyo bima ndiyo dawa za mtoto, Gerard."

"Najua."

"Unajua, halafu unakula viazi."

"Nile nini, Corinne? Viti?"

Corinne alicheka kwa hasira, kile kicheko kinachotoka bila ruhusa ya mwenyewe. Kisha akavuta kiti, akakaa mbele ya mumewe. Tangu mkutano uishe alikuwa akiligeuza jambo moja kichwani. Kwenye mkutano wa mji watu hupiga kura kwa kuinua kadi ya njano, mbele ya kila mtu. Lakini wapiga kura watano wakitia sahihi kwenye karatasi na kuwapo ukumbini, mwenyekiti hana budi kuitisha kura ya siri.

"Lorna wa dukani, nusu ya wateja wake ni kundi la mzee Everett," alisema. "Ataweza kuinua kadi kwa ajili yetu wakimwona? Yule fundi wa paa je? Wanatupenda, Gerard, ila wanaogopa kuonekana. Wape kura ya siri uone."

"Sitaki."

"Hutaki nini?"

"Nimewatoa watu hawa mitaroni miaka kumi na mmoja. Wengine nimewatoa wamelewa, nikafunga mdomo, hata wake zao hawajui. Anayetaka kunimwagia unga anyooshe kadi yake juu huku ananitazama usoni. Asijifiche kwenye kisanduku."

"Hicho ni kiburi tu."

"Ni kiburi, ndiyo. Nimebakiwa na nini kingine?"

Corinne aliinuka akaosha vyombo kwa kelele nyingi kuliko vilivyohitaji. Alimpenda mume wake, lakini kiburi chake hakinunui dawa. Sahihi ya kwanza akaitia mwenyewe.

*

Kuomba sahihi ni kuomba, hata ukisema ni haki yako ya kiraia. Alianza kwa Dwight Bascom, jirani wa karibu, ambaye mwezi wa tatu hushinda kibandani akichemsha utomvu wa miti ya maple mpaka uwe sharubati tamu. Mvuke ulikuwa umejaa humo ndani mpaka alianza kuongea na Dwight kabla hajamwona.

"Kura ya siri?" Dwight aliuliza, mwiko mkononi. "Kwani siku hizi tunaogopana?"

"Si kuogopana, Dwight. Ni kumpa mtu nafasi."

"Nafasi ya nini? Baba yangu alinyoosha mkono. Babu yangu alinyoosha mkono, watu wakamnunia mwaka mzima, na hakufa. Wewe unataka niandike kwenye karatasi kwamba majirani zangu ni waoga."

"Uko upande wetu au hauko?"

"Niko upande wenu, dada. Unaniuliza swali gani hilo?" Akamimina sharubati ya moto kwenye chupa ndogo, akampa. "Mpelekee Josie. Lakini sahihi yangu hapana."

Alitoka na chupa badala ya sahihi. Njiani alijiona kama aliyekwenda kudai haki yake akarudi na sadaka.

Lorna wa dukani alisaini, ila si pale kaunta. Alimvutia Corinne stoo, kati ya makatoni ya karatasi za chooni, akasaini haraka huku sikio lake liko kwenye kengele ya mlango. "Mwenzangu, usimwonyeshe mtu," akanong'ona.

"Inasomwa mbele ya mkutano, Lorna. Majina yatatajwa."

Lorna akaitazama kalamu kana kwamba ndiyo iliyomponza. "Haya, basi. Yatajwe. Na ile bili yako ya mwezi wa pili, usiwe na haraka nayo."

Corinne hakuwa ameitaja bili. Masikio yakamwaka moto.

Kisha akaenda kando ya ziwa kwa akina Alden, mtu na mkewe waliohamia kutoka Boston na ambao nyumba yao ina madirisha mengi kuliko ukumbi wetu. Walimkaribisha, wakamvua buti, wakampa chai ya majani asiyoyajua. Mama Alden aliegemea mbele, mikono yote miwili kifuani.

"Tunajua hali yenu. Pole sana. Yule mtoto… anaitwa nani vile?"

"Josie."

"Josie. Jina zuri mno. Sisi tungelipa kodi zaidi, kwa kweli, tungelipa kwa furaha."

Walisaini wote wawili. Corinne alishukuru, akavaa buti zake. Moyoni alikuwa anachemka, maana ilimkera kwamba watu waliokuwa tayari kulipa ni wale wasioumia wakilipa. Lakini sahihi ni sahihi. Sasa zilikuwa nne.

Ya tano iligoma. Fundi wa paa alisema atafikiri. Mwalimu mstaafu alisema mume wake hapendi siasa. Jumatatu mchana Corinne alisimama nje ya posta, karatasi mfukoni, akitafuta uso wa kuombwa, na uso uliotoka mlangoni ulikuwa wa mzee Everett Stowell. Wote wawili walitamani barabara ingekuwa pana zaidi.

"Corinne," alisema mzee, akivua kofia. "Sina ugomvi na mtoto wako."

"Una ugomvi na baba yake?"

"Wala. Gerard ni mfanyakazi." Alishusha pumzi. "Ngoja nikwambie, mama. Ile nyumba niliijenga kwa mikono hii. Watu wa ziwani wamekuja, wamenunua kwa bei ya wazimu, na sasa mji unaniambia nyumba yangu nayo ni dhahabu. Dhahabu ipi? Mlango hata haufungi vizuri. Kodi elfu saba na mia tatu kwa mwaka! Huku kwetu mshahara hautozwi kodi, dukani hutozwi, sawa, mzigo wote wanaitwisha nyumba. Sasa nyumba inapata wapi hela? Vidonge vyangu vya presha nakata katikati, nusu leo, nusu kesho. Nikishindwa kulipa wanaiuza. Mimi niende wapi?"

"Na sisi tuende wapi?"

Mzee aliigeuzageuza kofia mkononi. Kisha akaiona karatasi ikichungulia mfukoni. "Hiyo ndiyo ya kura ya siri? Lorna hawezi kuficha kitu. Unazo ngapi?"

"Nne."

"Lete."

Corinne alidhani anataka kuichana. Mzee aliibana kwenye ukuta wa posta, akatia sahihi kwa herufi kubwa za mtu aliyesoma zamani.

"Nasaini kwa sababu inanisaidia mimi, si wewe," alisema akimrudishia. "Sikufichi."

Corinne alijua ni dhihaka. Au ni majivuno ya mtu anayedhani ameshashinda. Aliikunja karatasi na kwenda zake, na usiku ule kwa mara ya kwanza katika wiki nzima alilala.

*

Jumanne ukumbi ulijaa. Watoto wa darasa la sita waliuza donati mlangoni kwa ajili ya safari yao, akina mama wa kanisa walikuwa wameshaweka maharage ya kuoka na paja la nguruwe motoni, na mtu angepita angedhani ni harusi. Gerard alikaa kando ya mke wake, amevaa shati la kanisani, mikono juu ya magoti. Josie alikuwa shuleni kwake.

Bi Hester Philbrick, mwenyekiti wa mkutano, aligonga nyundo na vifungu vikaanza kupita. Gari la zimamoto, kadi juu, limepita. Nyasi za makaburini, kadi juu, zimepita. Kifungu cha barabara kilipofika, mzee Everett akasimama na kutoa hoja yake kwamba kipunguzwe kwa dola elfu themanini na moja.

"Sitaji mtu," alisema. "Nataja hela."

"Hela hiyo ina miguu na buti!" alipaza sauti Dwight Bascom, na watu wakacheka.

Hapo ndipo mambo yalipomgeukia Corinne kwa namna ambayo hakuitarajia. Dwight alisimama akasema kwamba dhoruba ile ya Januari, Gerard ndiye aliyemfungulia njia mkunga afike kwa binti yake. Watu wakapiga makofi. Fundi wa paa, yule aliyekuwa anafikiri, akasema mtu wa kukodiwa hatajua ni kona gani inaganda kwanza. Makofi. Bwana Alden akazungumza kwa dakika nyingi juu ya maana ya jamii, na hata yeye akapigiwa makofi, ingawa machache. Mwalimu mstaafu, ambaye mumewe hapendi siasa, alilia kabisa. Hakuna hata mmoja aliyesimama kumuunga mkono mzee Everett. Alibaki amekaa peke yake mwisho wa benchi, akiangalia mbele.

Gerard alikuwa ameinamisha kichwa, na Corinne aliona shingo yake imekuwa nyekundu. Hakuwa amepata kusifiwa hivyo, hata siku ya ndoa.

"Kuna ombi mezani la kura ya siri," alisema Bi Hester, na akasoma majina matano. Alipotaja la Everett Stowell, minong'ono ikapita ukumbini. "Kabla sijaliitisha, nauliza. Mnaendelea na ombi lenu? Hata mmoja wenu akiondoa sahihi yake ombi linaanguka, na tutapiga kwa kadi kama kawaida."

Gerard alimshika mke wake mkono. "Iondoe," alisema kwa sauti ya chini. "Corinne, watazame. Hebu watazame."

Aliwatazama. Nyuso zote zilikuwa zinatabasamu. Wengine walikuwa wameshashika kadi zao za njano mapajani, tayari. Lakini zilikuwa nyuso zilezile zilizomgeuzia kisogo siku ya mkutano wa shule, na yeye hakuwa amesahau. Alijiambia kwamba wema ule mzuri wa mdomoni unahitaji kulindwa, usije ukaogopa dakika ya mwisho. Alijiambia pia, na hili ndilo lililomsukuma hasa, kwamba amelipia kila sahihi kwa uso wake, na hawezi kuzitupa sasa.

"Tunaendelea," alisema Corinne.

Gerard aliuachia mkono wake.

Walipanga foleni, wakajifungia mmoja mmoja nyuma ya pazia la bluu, wakaweka alama yao, wakatumbukiza karatasi kwenye sanduku la mbao. Wengi walipompita Gerard walimgusa bega. Hesabu ilifanywa wakati watu wanakula maharage. Bi Hester alirudi jukwaani, akasoma namba kimya kwanza, akazisoma tena, kisha akavua miwani.

"Wanaotaka kipunguzwe, sitini na watatu. Wasiotaka, arobaini na tisa. Hoja ya Bwana Stowell imepita."

Hakuna aliyeshangilia. Uma ziligusa sahani, basi. Mtu akasema "Jamani!" kwa mshangao mkubwa, na wengine wakalirudia neno hilo, "Jamani, jamani," mpaka haikuwezekana kujua nani anashangaa kweli. Corinne alizitazama zile kadi za njano zilizoachwa mezani kati ya vikombe. Sasa alielewa mzee alichomwambia kule posta, tena kwa maneno mepesi kabisa, na yeye akaona ni dhihaka. Mbele ya Gerard, ana kwa ana, wasingethubutu. Yeye ndiye aliyewapa pazia.

Alitaka mume wake amfokee pale pale, mbele ya maharage na kila mtu, lakini Gerard alikuwa ameshainuka, anavaa koti.

*

Theluji ilikuwa imeanza tangu saa sita, nzito na yenye maji, na kazi ya Gerard ilikuwa bado yake mpaka mwisho wa Juni. Alileta lori, akashusha bamba la chuma la kusukumia theluji, akaanza kusafisha uwanja wa ukumbi ili watu waweze kutoka. Corinne alikaa ndani ya lori kando yake, maana hakujua pengine pa kukaa.

Wakaanza kuja. Fundi wa paa aligonga kioo. "Ndugu yangu, sielewi kilichotokea. Mimi nilikupigia kura." Gerard akamshukuru. Mwalimu mstaafu akaja, macho yamevimba, akasema yeye na mume wake wote walimpigia. Lorna alisema vivyo hivyo. Dwight alisema, akaongeza kwamba angejua nani amefanya unyama ule angemmwagia sharubati ya moto kichwani. Akina Alden walisema, wakampa Corinne namba ya wakili. Waliendelea kuja, mmoja mmoja na wawili wawili, theluji kwenye kofia zao, kila mmoja akishika ukingo wa dirisha na kusema maneno yale yale. Gerard alimshukuru kila mmoja kwa jina. Corinne kwanza alikuwa anawaamini, kisha akaanza kuhesabu, na alipopita hamsini akaacha.

"Nisamehe," alimwambia mume wake, uwanja ulipobaki na magari machache.

"Bado," alisema Gerard. "Nikiweza nitakwambia."

Wa mwisho kutoka alikuwa mzee Everett. Alishuka ngazi polepole, akiipima kila moja kwa mguu, akaja mpaka kwenye lori. Hakushika dirisha. Alivua kofia, na theluji ikamwangukia kichwani pasipo nywele.

"Mimi nilikukata," alisema.

"Najua, mzee."

"Nilitaka nikwambie mwenyewe."

Gerard alizima injini, akashuka. Kwa sekunde moja Corinne alidhani atampiga. Alimshika mzee kwapani, akamvusha barafu hatua kwa hatua hadi kwenye gari lake, akamfungulia mlango, akampangusia kioo cha mbele kwa mkono wa koti. Walisemezana jambo fupi ambalo Corinne hakulisikia. Kisha Gerard akarudi, akapanda, akakaa na mikono juu ya usukani bila kuwasha.

"Nimempata mmoja," alisema. "Bado sitini na wawili."

Akawasha lori, akashusha bamba, wakaenda kuwafungulia barabara wafike nyumbani.